Chungu si cha Aliyekipa Jina

Jioni moja ya mwaka uliopita nilikuwa mgeni mjini Maskat, katika nyumba ya ami yangu, mmoja wa jamaa zetu wa Omani ambao Kiswahili hakijatoka katika ndimi zao tangu walipohama Unguja. Mezani tulikuwa watu saba. Chakula kilipikwa na mpishi wa nyumba, mama wa makamo aliyetoka Batangas katika kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Alikuwa kuku aliyepikwa katika siki kwa kitunguu saumu na pilipili manga, akatiwa manjano mabichi yaliyopondwa hata mchuzi ukawa na rangi ya jua la asubuhi. Chakula hicho huitwa adobo. Miongoni mwa wageni alikuwako mwanachuoni mmoja mwenye shahada nyingi na sauti kubwa. Alikula sahani mbili, akapangusa mdomo, akasema, "Chakula kizuri, lakini si chao. Adobo ni neno la Kihispania. Wafilipino hawana upishi; wana mabaki ya meza ya Mhispania."

Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa kuwa sentensi ile naijua tangu utoto wangu, ila nilipoisikia zamani ilikuwa na majina mengine: "Kiswahili si lugha yao. Ni Kiarabu kilichovunjika." Nimeisikia barazani, nimeisoma vitabuni, nimeikuta katika madaftari ya wanafunzi wangu wenyewe, vijana ambao mama zao waliwabembeleza kwa lugha wanayoikana. Usiku ule nilikuwa mgeni, na mwenye nyumba ni mkubwa wangu, basi nikaona adabu kunyamaza. Insha hii ni jibu nililolimeza.

Nataka kwanza nimpe mshindani wangu haki yake, maana hoja yake ikisemwa nusu itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Mtu akitazama orodha ya vyakula vya nyama vipikwavyo katika nyumba za Manila atakuta adobo, menudo, mechado, caldereta, afritada, pochero, na uji wa mchele wenye kuku uitwao arroz caldo. Majina yote haya ni ya Kihispania. Wahispania walifika na Magellan mwaka 1521. Legazpi akaanza kukaa mwaka 1565, akaifanya Manila makao ya serikali mwaka 1571. Na utawala wao haukukoma mpaka mwaka 1898. Miaka mia tatu na zaidi ni muda mrefu wa kuwafundisha watu kupika. Majina yapo, watawala walikuwako, muda ulitosha. Hakimu mvivu angefunga kesi hapo.

Walakini kesi ya chakula haihukumiwi na orodha. Huhukumiwa jikoni, na jikoni twende.

Neno adobo limetokana na kitenzi cha Kihispania chenye maana ya kuitengeneza nyama mbichi kwa kuiroweka katika viungo. Mhispania huchukua nyama au samaki, huiloweka katika siki, kitunguu saumu na pilipili nyekundu ya unga, huiacha ishike ladha, kisha huitoa akaikaanga. Siki kwake ni maandalizi. Mfilipino huitia nyama chunguni pamoja na siki na viungo, huinjika motoni, na nyama huiva katika siki ile ile hata mchuzi ukapungua na mafuta yakaelea. Siki kwake ndiyo maji ya kupikia. Wenye ujuzi huonya kwamba chungu kisikorogwe wala kisifunikwe mpaka siki ichemke, ili ukali wa ubichi upande na mvuke. Huko ni kupika kwa namna mbili zisizofanana, na mtu asiyetofautisha kuroweka na kuchemsha hastahili kuhukumu mapishi ya taifa lolote.

Siki yenyewe ilitoka wapi? Pwani yetu haihitaji kufundishwa jambo hili. Mgema hupanda mnazi, hukata karara, hukinga tembo. Tembo likikaa huwa kali, likizidi kukaa huwa siki. Wafilipino hufanya hayo hayo, na tembo lao huliita tuba. Hukinga pia kutoka katika nipa, mti wa jamii ya mnazi uotao matopeni kwenye maji ya chumvi kama mikoko yetu, na kaskazini mwa Luzon hutengeneza siki ya miwa. Pigafetta, mwandishi aliyesafiri na Magellan, aliandika habari za mwaka 1521 kwamba watu wa visiwa vile walipata katika mnazi divai yao, mafuta yao na siki yao. Hapo hakuna Mhispania hata mmoja aliyekuwa amejenga jiko katika Ufilipino. Nchi ni ya joto. Nyama huoza kwa siku moja. Siki na chumvi huzuia kuoza kwa kuwa vijidudu vioze­shavyo nyama havistawi katika ukali. Mtu mwenye joto, nyama na siki hangoji meli kutoka ng'ambo imfunulie kwamba vitu hivyo vyaweza kukutana chunguni.

Na tunaye shahidi kutoka upande wa mshindani mwenyewe. Mwaka 1613 ilichapishwa huko Pila, katika jimbo la Laguna, kamusi ya Kitagalog iliyotungwa na Pedro de San Buenaventura, mtawa wa Kihispania. Alipokuta wenyeji wakipika katika siki, akataka kuwaeleza wenzake, aliita chakula kile adobo ya wenyeji. Naomba wanafunzi walipime neno hilo. Mtawa hakusema kwamba wenyeji wamejifunza adobo yetu. Aliona kitu kisichokuwa chake, akakiita kwa jina la kitu chake kilichokaribiana nacho, kisha akaongeza "ya wenyeji" ili msomaji wake asikosee. Miaka mia nne baadaye mwanachuoni wa Maskat ameyaacha maneno mawili ya mwisho akashika la kwanza tu.

Nimesema sentensi yake naijua. Sasa na tuangalie neno lenyewe linavyoishi katika lugha, maana hilo ndilo shamba nililokabidhiwa kulilima. Kitagalog kina kiambishi -in- ambacho hupachikwa ndani ya mzizi, na huleta maana ya kitu kilichotendwa. Kutoka katika sigang, kupika mchuzi mkali, hupatikana sinigang, yaani kilichopikwa hivyo. Kutoka katika mzizi tola hupatikana tinola, mchuzi wa kuku na tangawizi. Mzizi ukianza kwa irabu, kiambishi hutangulia. Basi Mfilipino akishapika adobo husema inadobo. Akitaka kusema yu katika kuipika, husema inaadobo. Kuku wake huitwa adobong manok, na hiyo -ng iliyogandamana na neno ni kiunganishi cha Kitagalog ambacho Mhispania hakijui. Neno lilishuka bandarini likiwa geni. Likavuliwa viatu, likaketishwa mkekani, likapewa kazi.

Ndivyo tulivyofanya sisi kwa kitabu. Mwarabu alituletea neno ambalo ki yake ni sehemu ya mzizi. Sisi tukaichukua ki ile tukaifanya kiambishi cha ngeli yetu, tukasema vitabu, na Mwarabu asiyejua Kiswahili akisikia vitabu hajui ni nini. Neno likikubali viambishi vya lugha, limekubali sheria za nchi. Tena Mfilipino na Mswahili wote wawili hula juu ya meza: yeye huiita mesa kwa kuipata kwa Mhispania, nasi tukaipata kwa Mreno. Wote wawili tuna achari. Yeye huiita atsara, huifanya kwa papai bichi, na neno hilo limetufikia pande zote mbili kwa njia ya biashara ya bahari ya Hindi. Sijasikia mtu akisema kwamba Mswahili akila mezani anakula Kireno.

Majina ya asili, tena, ni waongo wa kupindukia, na aaminiye jina huaibika upesi. Nafaka tuliayo ugali huitwa mahindi, kama kwamba imetoka Bara Hindi. Haikutoka huko, asili yake ni bara la Amerika. Sinigang, mchuzi wa nyama ya ng'ombe au nguruwe au samaki, hukolezwa ukali kwa ukwaju. Waarabu waliuita ukwaju tende ya Hindi, na Wazungu wengi wakalichukua jina hilo. Lakini wataalamu wa mimea wasema kwamba mkwaju kwa asili ni mti wa Afrika. Basi kwa sheria ya mwanachuoni wetu, sinigang si ya Wafilipino wala ya Wahindi. Ni yetu sisi, na tuwapelekee Wafilipino hati ya madai kesho asubuhi! Pengine tuongeze na dai la mabirimbi, maana wakikosa ukwaju hutia birimbi kama mpishi wa Mombasa, na tuongeze dai la majimbi yanayowekwa humo ili mchuzi uwe mzito. Upuuzi wa dai hili kila mtu auona. Upuuzi wa dai la adobo hauonekani kwa sababu moja tu, kwamba anayedaiwa kuwa mwenye mali alikuwa mtawala.

Arroz caldo ndiyo mfano ulio wazi kupita yote. Jina lake ni maneno mawili ya Kihispania, wali na mchuzi. Kitu chenyewe ni uji wa mchele uliopikwa hata punje zikapasuka, ukatiwa kuku na tangawizi, ukanyunyiziwa kitunguu saumu kilichokaangwa. Uji wa namna hii ni wa Wachina, ambao walikuwa wakifanya biashara na visiwa vile kabla ya Mhispania kujua kwamba vipo. Mhispania hakuuleta, hakuufundisha. Aliukuta, na jina lake likabandikwa juu. Leo hii ndio chakula cha mgonjwa, cha mtoto mwenye homa, cha siku ya mvua kubwa, na Mfilipino aliye mbali na kwao akiulizwa anatamani nini mara nyingi atautaja. Mwenye chakula hicho ni nani? Mchina aliyeleta uji, Mhispania aliyeleta jina, au mama aliyekesha na mgonjwa akiukoroga? Sisi watu wa uji wa mchele na bokoboko hatuna shida ya kujibu.

Menudo nayo. Katika Meksiko jina hilo ni la mchuzi wa matumbo ya ng'ombe. Katika Ufilipino ni nyama ya nguruwe na maini, vilivyokatwa vipande vidogo vidogo, vikapikwa kwa nyanya na viazi. Jina moja, vyungu viwili, na bahari ya Pasifiki katikati.

Sitaki nionekane kwamba naficha sehemu ya ukweli. Mechado na caldereta zina asili ya Hispania, na hakuna aibu kukubali. Mechado imeitwa kwa utambi, kwa sababu vipande vya mafuta vilichomekwa katika nyama ngumu kama utambi katika mshumaa. Caldereta kwa asili ilikuwa ya mbuzi. Pochero ni ya Kihispania kwa mwili, ingawa Mfilipino ametia ndizi ndani yake. Nyanya pia zilikuja na meli. Lakini nyanya si za Hispania, ni za Amerika, na Mhispania alizipata kwa Waindio wa huko kama sisi tulivyopata muhogo. Meli zilizokwenda na kurudi baina ya Acapulco na Manila tangu mwaka 1565 hata mwaka 1815 hazikubeba mizigo upande mmoja. Mabaharia wa Kifilipino waliwafundisha watu wa pwani ya magharibi ya Meksiko kugema mnazi, na hata leo kinywaji hicho huuzwa huko kwa jina la tuba. Mbona hakuna asemaye kwamba Meksiko ina mabaki ya meza ya Mfilipino? Jina lipo, ushahidi ni ule ule. Hoja ni nyepesi iteremkapo kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na ikitakiwa kupanda huishiwa na pumzi.

Kuna jambo lingine linalofichua hoja hii. Wanaosema kwamba Wafilipino hawana chakula chao, waonyesheni dinuguan. Jina hili halina hata herufi moja ya Kihispania. Limetokana na dugo, maana yake damu. Ni nyama na matumbo ya nguruwe yaliyopikwa katika damu na siki na pilipili, mchuzi wake mweusi, na huliwa pamoja na puto, keki nyeupe ya mchele ipikwayo kwa mvuke. Hapa basi pana chakula chenye jina la nyumbani na upishi wa nyumbani. Je, mshindani hukubali? La. Hukunja uso, husema kwamba huo si upishi, huo ni ushenzi. Wafilipino wengine wamekuwa wakiwaficha wageni jina hilo, wakakiita nyama ya chokoleti ili wasichekwe. Mimi sili dinuguan. Dini yangu hainiruhusu, kama isivyowaruhusu Waislamu wa Ufilipino wenyewe, na wako Wakristo wa huko pia wasioila kwa kuikataza damu. Lakini kutokula si leseni ya kutukana. Tazameni mtego ulivyotegwa: chenye jina la kigeni si chao, na kisicho na jina la kigeni si chakula. Mtu aliyetegewa hivyo hawezi kushinda hata akipika miaka elfu.

Mswahili ameujua mtego huu. Neno letu likiwa na asili ya Kiarabu, tuliambiwa tumekopa. Likiwa la Kibantu, tuliambiwa ni la shamba, halifai kitabuni.

Yako masimulizi mengine ambayo wapenda asili huyashika bila kuyauliza ushahidi. Kare-kare ni mkia wa ng'ombe na matumbo, vilivyopikwa katika rojo la karanga na mchele uliokaangwa ukasagwa, ukatiwa rangi kwa mbegu za mzingefuri. Mezani huwekwa pembeni uduvi uliochachushwa kwa chumvi, kwa maana rojo lenyewe halina ukali. Husimuliwa kwamba chakula hiki kililetwa na askari wa Kihindi waliokuja na Waingereza walipoishika Manila mwaka 1762 hata mwaka 1764, wakabaki Cainta wakijaribu kupika kari ya kwao. Husimuliwa pia kwamba ni cha watu wa Pampanga. Mimi sina ugomvi na askari wale. Nashangaa tu jinsi sauti mbili zinazofanana za neno zinavyotosha kuwa hati ya ukoo, na jinsi karanga na mzingefuri, vitu viwili vya Amerika visivyokuwa katika kari ya askari yeyote, vinavyopitishwa kimya kimya. Tuseme hata askari wale walikoroga chungu cha kwanza. Waliokikoroga tangu siku hiyo ni nani?

Nimetaja Waislamu. Kusini, katika visiwa vya Sulu ambako Wahispania hawakuweza kutawala kikamilifu, Watausug hupika tiyula itum, maana yake mchuzi mweusi: nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa viungo na nazi iliyochomwa hata ikawa mkaa, ikasagwa. Mwanafunzi wa lugha atafurahi kuona kwamba tiyula ni ndugu wa tinola. Pale Kitagalog kinaposema -in-, Kitausug husema -iy-. Ndugu mmoja aliishi chini ya bendera ya Hispania, mwingine nje yake, na vyungu vyao bado vyatambuana. Kama upishi wote ungeletwa na meli, udugu huu ungetoka wapi?

Tinola imeingia katika fasihi pia, na hapo yuko shahidi ambaye wasomaji wa jarida hili hawatamkataa. José Rizal alichapa riwaya yake Noli Me Tangere huko Berlin mwaka 1887, na katika sura za mwanzo pana karamu ambamo tinola yaletwa mezani. Kijana Ibarra, aliyerudi kutoka Ulaya, apata minofu minono. Padre Dámaso apata shingo na bawa gumu, na hasira yake yaanzia katika bakuli kabla haijafika mdomoni. Rizal alijua kwamba katika karamu ya namna ile nani apewa kipande kipi ni siasa nzima ya nchi. Aliiandika riwaya hiyo kwa Kihispania, tangu neno la kwanza hata la mwisho. Na Wahispania walimpiga risasi mwaka 1896. Nani leo athubutu kusema kwamba Noli si kitabu cha Wafilipino kwa kuwa lugha yake si ya Kifilipino? Kila mwanachuoni akubali kwamba ni chao. Kitabu kizima cha Kihispania kimekubaliwa, kisha neno moja la Kihispania juu ya chungu limeshitakiwa.

Sitawasifu watetezi wote wa chungu hiki, maana wako waliokitetea vibaya. Marehemu Doreen Fernandez, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Ateneo de Manila na kufariki mwaka 2002, aliandika juu ya chakula cha nchi yake kwa elimu na upendo kuliko yeyote nimjuaye. Katika insha yake juu ya sinigang aliuliza kwa nini mchuzi huo usiwe ndio mwakilishi wa ladha ya Mfilipino kuliko adobo. Swali zuri, na hoja zake juu ya ukali wa matunda na hali ya nchi ni za kweli. Lakini wafuasi wengine wamelifanya swali lile kuwa amri ya kuhama: adobo iachwe kwa Mhispania, sisi tukae na sinigang ambayo jina lake ni safi. Huko ni kushindwa kwa hiari. Tena si kumfuata Fernandez, ambaye katika insha nyingine alionyesha jinsi chakula kigeni kinavyoingia na kugeuzwa hata kikawa cha nyumbani. Wanafanya kama Waswahili wale ambao, wakiudhiwa na maneno ya Kiarabu, hutaka kuyafagia yote. Wakimaliza kufagia hawana neno la kuombea radhi, kwa maana radhi yenyewe wameifagia.

Kosa la pili lilitokea mwaka 2021. Mwezi wa Julai idara ya viwango iliyo chini ya wizara ya biashara ya Ufilipino ilitangaza kwamba kamati imeanza kuandaa kiwango cha taifa cha adobo, ili chakula hicho kijulikane vema duniani. Watu walipaaza sauti mara moja. Adobo ya nani? Ile nyeupe isiyo na mchuzi wa soya, ambayo wengine huiona ndiyo ya kale? Ile nyeusi yenye soya, ambayo jina lake toyo limetoka kwa Wachina? Ya tui la nazi? Ya manjano ya Batangas? Wizara ikabidi ieleze kwamba kiwango hakitamlazimisha mtu nyumbani kwake, na kwamba nia ni kuitangaza adobo katika nchi za nje. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wasema wazee. Hapa tembo lilisifiwa, na ofisi ikataka kupima maji.

Naandika haya nikiwa mtu alaye mshahara wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifu lugha yetu, na Kiunguja kikawa msingi. Faida yake naijua: bila kamati ile insha hii isingesomeka Kigoma na Lamu kwa tahajia moja. Hasara yake naijua pia, kwa kuwa nimeona wanafunzi wa Lamu na Mvita wakisahihishwa kwa wino mwekundu maneno ambayo washairi wao waliyatumia kabla ya kamati kuzaliwa. Lakini lugha yahitaji tahajia moja ili barua ifike. Chungu chahitaji kiwango gani, na kifike wapi? Haja ya kiwango kile, nadhani, ilitokana na kelele ile ile niliyoisikia Maskat. Mtu akiambiwa kila siku kwamba mali si yake, huanza kutafuta hati, muhuri na mashahidi, hata kwa kitu ambacho bibi yake alikifanya bila kupima kijiko. Amekubali mahakama ya mshindani. Mimi nisingeingia mahakamani humo.

Siku ya pili, kabla ya kuondoka, niliingia jikoni kumshukuru yule mama. Tulizungumza kwa Kiarabu chake kidogo na Kiingereza changu cha shuleni. Nikamwuliza, kwa upumbavu wa kazi yangu, kama adobo ni chakula cha Wafilipino au cha Wahispania. Hakuelewa swali. Nililirudia polepole. Alinitazama kama atazamavyo mtu aliyeulizwa kama mwanawe ni wake, kisha akaniuliza kama nina njaa. Juu ya moto palikuwa na chungu kingine cha kuku kwa ajili ya mchana, na harufu ya siki ilikuwa ingali kali, yawasha pua. Nikashika mwiko nipate kuonja. Akaniondoa mkono kwa upole: nisikoroge, siki haijachemka.